Mbwa aliyezeeka hana kichaa, ana maumivu

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira, mbwa akizeeka huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kutiwa ndani ya gunia na kupelekwa soko la mbali, ambako huachwa ajitafutie. Ya pili ni kipande cha nyama kilichopakwa dawa ya kuulia wadudu. Ya tatu, ambayo wengi wetu huiona kuwa ya huruma, ni kuachwa tu pale chini ya ghala bila chanjo wala matibabu, hadi asubuhi moja atakapokosa kuamka. Nimezaliwa na kulelewa hapa Gusii na nimeziona zote tatu. Moja kati yazo niliitenda mimi mwenyewe nikiwa kijana, na nitaieleza baadaye.

Huenda msomaji akajiuliza mbwa mkongwe anatafuta nini katika kurasa za afya, wakati wagonjwa wamejaa hospitalini na dawa hazitoshi. Nami ningeuliza vivyo hivyo kabla ya mwezi wa Julai mwaka juzi, mbwa wangu aliponusurika kuuawa kwa mawe kwa sababu ya jino lililooza.

Mbwa huyo anaitwa Simba. Yeye na serikali ya kaunti yetu ni rika moja, kwani wote wawili walianza kazi mwaka 2013. Tofauti yao ni kwamba Simba alifanya kazi yake hata usiku. Nyumba yangu iko karibu na Keroka, pale ambapo mtu husimama mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira, na usiku wa mvua kijia kilicho nyuma ya ua wangu hupitiwa na watu wasiopenda kusalimiana. Kwa zaidi ya miaka kumi sikupoteza kuku hata mmoja.

Lakini miaka haimsahau yeyote. Simba alianza kuchelewa kuamka. Alipoinuka, miguu ya nyuma ilikuwa migumu, naye akatembea hatua tano sita kabla haijakubali kumtii. Hakusikia tena lango likifunguliwa. Macho yakaingia rangi ya maziwa. Kisha akaanza kutokwa na udenda upande mmoja wa mdomo, nasi nyumbani tukasema ni uzee tu, tukaendelea na kazi zetu.

Siku hiyo ya Julai mvulana wa jirani, wa gredi ya tatu, aliufuata mpira wake hadi chini ya ghala ambako Simba alikuwa amelala, akamkanyaga mkia. Mbwa asiyesikia haoni mgeni akija, hushtukizwa. Simba aliuma kabla hajajua anamwuma nani, na yale meno machache aliyobaki nayo yakaacha alama mbili mguuni mwa mtoto, damu kidogo ikitoka.

Hazikupita dakika kumi kabla uani kujaa watu, wengine na marungu na wengine na mawe. Jirani mmoja, mama wa makamo ambaye kwa kawaida hatuna neno baya baina yetu, alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, tazama mate hayo. Tazama anavyoyumba. Huyu ameingiwa na kichaa." Nami nilipomtazama Simba kwa macho yao, niliona walichokuwa wakikiona. Mate yanadondoka. Miguu inayumba. Ameuma mtoto bila kuchokozwa. Kila dalili ya kichaa cha mbwa waliyowahi kuisikia ilikuwa pale mbele yao.

Tulianza na mtoto, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana jambo hili ni kubwa kuliko mbwa wangu. Tulimpeleka kwenye mfereji, tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa. Hatukupaka mafuta ya taa, wala majani, wala pilipili. Kisha tukapanda bodaboda hadi hospitali. Daktari aliuliza habari za mbwa, akaisoma kadi yake ya chanjo, lakini hata hivyo akamwanzishia mtoto sindano za kuzuia kichaa. Alifanya vyema. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili katika mwili wa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, na hakuna hospitali, iwe ya Kisii, Nairobi au London, yenye dawa ya kumrudisha mgonjwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyomwokoa Simba. Kabla hatujaondoka kwenda hospitali nilimpa mzee wa kijiji, akaisoma kwa sauti mbele ya watu: chanjo ya mwisho haikuwa imetimiza miezi saba. Marungu yalishushwa, ingawa wenyewe hawakwenda nyumbani upesi. Tulikubaliana mbwa afungwe mahali salama na atazamwe kwa siku kumi. Siku hizo kumi zina maana yake. Virusi vya kichaa hufika katika mate ya mbwa siku chache tu kabla ya mbwa mwenyewe kuonyesha ugonjwa, na akishaonyesha hafiki mbali, hufa. Mbwa aliyeuma leo, akawa angali mzima na anakula baada ya siku kumi, hakuwa na virusi hivyo katika mate yake siku aliyouma. Ukimwua papo hapo kwa rungu unajinyima jibu hilo, labda kama kichwa kitapelekwa maabara, jambo ambalo kijijini hutokea mara chache mno.

Simba alikula ugali wake siku zote kumi, kwa upande mmoja wa mdomo.

Katikati ya siku hizo nilimwita daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki akidhani ameitiwa ng'ombe, na nilipomwonyesha mgonjwa alicheka kidogo. Lakini alipoona kadi ya chanjo alivaa glavu, akamdunga sindano ya usingizi, na kumfungua mdomo. Jino kubwa la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, fizi imevimba na usaha umejaa. Udenda wote ule ulitoka hapo. Akashika miguu ya nyuma, akaikunja na kuikunjua, akaniambia nyonga zina yabisi ya viungo. Akapiga makofi nyuma ya masikio ya Simba baadaye alipoamka, mbwa hakugeuka. Macho, alisema, hayakuwa na mtoto wa jicho. Ule ulikuwa ukungu wa uzee ambao mbwa bado huona kupitia kwake, japo si kama zamani.

Kwa hiyo kile ambacho kijiji kizima kilikiita kichaa kilikuwa jino, nyonga na masikio.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni mbwa wangapi wa Gusii waliokufa kwa kosa la kuzeeka. Hebu tufikirie. Mbwa mkongwe hutokwa na mate kwa sababu ya meno. Huyumba kwa sababu ya viungo. Huuma kwa sababu hakusikia ukija, au kwa sababu umemgusa mahali panapouma. Huenda akabweka usiku kucha bila kitu, akasimama akitazama ukuta, au asimtambue mtu wa nyumbani, kwani ubongo wa mbwa nao huchakaa kama wa omogaka wa miaka tisini anayewaita wajukuu zake kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufariki. Mambo haya huja polepole, kwa miezi na miaka. Kichaa huja kwa siku. Mbwa aliyekuwa mzima Jumapili, Jumatano hajulikani: sauti imebadilika, taya limelegea, hawezi kumeza hata maji, anashambulia mti na jiwe, au amejificha gizani hataki kuonekana. Ndani ya siku kumi hivi amekufa.

Hata hivyo sisemi kwamba mtu asimame uani na kujifanya daktari. Mbwa yeyote anayetokwa na mate usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa, hata awe ni wako uliyemlea. Mfungie, watoto wakae mbali, mwite mtaalamu. Ninachosema ni kwamba kadi ya chanjo ndiyo inayotenganisha mbwa mzee na mbwa hatari, nasi tumezoea kuacha kumchanja mbwa hasa anapofika umri wa kushukiwa.

Sababu zetu nazijua, maana nimezisema mimi pia. "Huyu amebakisha mwaka mmoja, chanjo ya nini?" Au: kituo cha chanjo kiko shuleni, kilomita tatu, na mbwa hawezi kutembea. Vijana wa nyumbani huwachukua mbwa wenye nguvu wanaovutana na kamba, na yule mkongwe huachwa chini ya ghala. Matokeo yake ni kwamba yule anayelala karibu zaidi na watoto na asiyeweza kukimbia mbwa koko akivamiwa, ndiye asiye na kinga.

Wataalamu husema kwamba kichaa hukoma kuenea mahali ambapo mbwa wasiopungua asilimia 70 wamechanjwa. Kenya, ambako ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912 karibu na Nairobi, ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuukomesha kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Asilimia hiyo 70 haiwezi kutimia ikiwa kila boma linamhesabu mbwa mzee kuwa marehemu angali hai.

Na serikali za kaunti zetu mbili zisijifiche nyuma ya ng'ombe. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, na imetaja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa, pamoja na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Ndiyo, mbwa wametajwa katika Katiba. Wanasiasa wetu hupenda kuinua kitabu hicho majukwaani. Nasubiri mmoja aufungue ukurasa huo. Ninachoomba si hospitali ya mbwa. Naomba kwamba siku ya chanjo, kituo kikishafungwa, mchanjaji mmoja na pikipiki yake azunguke kijijini saa mbili zilizobaki, aingie katika maboma aliyoelekezwa na mzee wa kijiji, awachanje wale wasioweza kutembea na wale waliofungwa kwa sababu ni wakali. Hao ndio tunaowakosa kila mwaka. Kwa upande wetu, mimi nilimpeleka Simba mwaka uliofuata kwa wilbaro, akiwa amekaa juu ya gunia kama chifu. Watu walicheka njia nzima, lakini alichanjwa.

Sasa nirudi kwa daktari wa mifugo, maana aliniuliza swali lililonitia haya. "Mwalimu, umempa dawa yoyote?"

Nilikuwa nimempa. Wiki mbili kabla ya tukio lile, nilipomwona akishindwa kuinuka kwa baridi, nilichukua vidonge vyangu vya mgongo, ibuprofeni, nikavificha ndani ya ugali, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Niliona ni wema. Siku ya tatu alitapika, na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Nikaacha bila kumwambia mtu. Daktari alinieleza kwamba kinyesi kile kilikuwa damu iliyotoka tumboni. Dawa hiyo, ambayo kwa mtu mzima ni jambo la kawaida, humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na huweza kuziua figo zake. Diklofenaki, ambayo akina baba wengi hapa huitumia baada ya kushinda wakichuma majani chai, ni vivyo hivyo. Hata parasetamoli si ya kumpa mbwa kwa kukisia, na paka hufa nayo kwa kidonge kimoja tu. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, na hizo hutolewa na daktari baada ya kumpima uzito. Si za kununuliwa kwenye agroveti kwa kunyoosha kidole.

Makosa yangu mengine yalikuwa madogo lakini mengi, na nadhani ni ya maboma mengi. Kwanza ni baridi. Milima yetu hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mbwa kijana hulala popote. Mbwa mwenye yabisi, akilala juu ya udongo mbichi, huamka asubuhi kama mlango uliovimba kwa mvua. Tiba yake haigharimu kitu. Tulipigilia vipande vya mbao vilivyobaki tulipojenga jiko, tukaviinua juu ya mawe manne, tukaweka magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ya migomba, na kuyabadilisha kila yanapoloa. Tukamhamishia ukutani kwa jiko, upande usiopigwa na upepo. Kabla ya hapo alikuwa na vidonda kwenye viwiko kwa sababu ya kulala mahali pagumu, navyo vikapona. Majani yakibadilishwa mara kwa mara, viroboto na funza nao hukosa makao, na hao wanapomtoka mbwa huingia miguuni mwa watoto.

Pili ni chakula, na hapa sina budi kusema wazi jambo linalofanywa karibu kila nyumba. Mahindi yakiota kuvu, tunasema, "Hayo mpeni mbwa." Kuvu wale hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125, hasa katika wilaya za Ukambani. Ini la mbwa huwa dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo kuliko letu, na ini la mbwa mzee limechoka tayari. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao, mbwa naye asipewe. Ugali laini wenye mchuzi wa omena iliyooshwa mchanga na kuchemshwa humfaa asiye na meno. Supu ya mifupa pia, lakini mifupa yenyewe iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe, kwani huvunjika vipande vikali. Vitunguu vinampunguzia damu. Na asinenepe: ukipitisha kiganja mbavuni uzihisi mbavu bila kuzitafuta, maana kila kilo ya ziada inabebwa na nyonga zile zile zinazouma.

Maji yawepo wakati wote. Mbwa mzee akianza ghafla kunywa maji mengi na kukojoa ovyo, usimpige. Huenda ni figo, huenda ni kisukari. Ikiwa ni jike ambaye hakuwahi kufungwa kizazi, akanywa maji sana na kukataa chakula wiki chache baada ya kupita joto lake, huenda kizazi kimejaa usaha, na huyo hawezi kungoja hadi Jumatatu. Uvimbe kwenye matiti nao uonyeshwe kwa daktari ungali mdogo kama punje ya mahindi. Kupe wanahitaji dawa ya mbwa. Ile ya josho la ng'ombe, ikikorogwa kwa kipimo cha ng'ombe, imewaua wengi. Kucha zikatwe, kwani mbwa asiyetembea sana hazilainiki, hujikunja na kuingia kwenye nyama. Na mnyororo kwa mbwa mwenye yabisi ni adhabu. Afunguliwe atembee mwendo mfupi mara mbili kwa siku, hata kama ni kuzunguka nyumba tu.

Watu huniuliza mbwa ni mzee lini. Ile hesabu ya kuzidisha kwa saba si sahihi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipolinganisha mabadiliko ya chembe za urithi za mbwa wa aina ya Labrador na za watu, mwaka 2020 walieleza kwamba mbwa wa mwaka mmoja yuko kama mtu wa miaka 30, kisha kasi inapungua, na wa miaka 12 yuko kama mtu wa miaka 70. Mbwa wakubwa huzeeka mapema kuliko wadogo. Kwa esese yetu ya kawaida, ningesema akifika miaka minane anza kumtazama kwa makini zaidi. Wengi hapa hawafiki huko, kwa sababu ya magari, sumu na magonjwa ya utotoni, na pengine ndiyo maana hatukujifunza kuwatunza wanaofika.

Yapo maoni kwamba haya yote ni anasa za Wazungu. Nayaheshimu, kwa maana mtu aliyekosa karo hawezi kuambiwa amng'oe mbwa jino. Lakini mbao, majani ya migomba, maji safi na ugali laini si vya Wazungu. Chanjo inalinda mtoto kabla ya kumlinda mbwa. Na ile sindano ya mwisho, ya kumlaza mbwa ambaye maumivu yake hayatibiki tena, ni afadhali mara mia kuliko nyama ya sumu ambayo huokotwa na mbwa wa jirani, na kuku, na wakati mwingine mkono wa mtoto. Daktari wa mifugo anaweza kuifanya nyumbani kwako, mbwa akiwa amelaza kichwa gotini mwako. Sheria ya nchi, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na kifo cha dawa ya wadudu ni mateso ya saa nyingi.

Niliahidi kueleza nililolitenda. Ilikuwa mwaka 1991, nami nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu. Mbwa wa baba alikuwa amezeeka, anakojoa mlangoni. Sikumwuliza mtu. Nilimtia ndani ya gunia la mbolea, nikampakia kwenye matatu hadi Kisii mjini, nikamwachia pembeni mwa soko la Daraja Mbili na kuondoka bila kugeuka. Siku ya sita alirudi. Zaidi ya kilomita 20, mbwa asiyeweza kupanda ngazi ya mlango! Alikuwa anachechemea, na shingoni alikuwa na majeraha ya kung'atwa na mbwa wengine. Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi, akasema, "Mletee maji."

Wakati ule hatukujua hata kuogopa. Mbwa asiyechanjwa, aliyeng'atwa na mbwa koko wa sokoni, alirudi kulala mlangoni ambapo wadogo zangu walikuwa wakicheza, na akaishi nasi miezi mitano zaidi. Hakuna aliyeugua. Bahati ile sikuistahili, na tangu nijue ugonjwa wenyewe ulivyo, kuna usiku huikumbuka nikakosa usingizi. Sikuwahi kumwuliza baba kama alijua mbwa alipotelea wapi.

Simba yu hai hadi leo. Jino lilipong'olewa udenda ulikoma, na dawa ya viungo anapewa miezi ya baridi tu, kwa kipimo cha daktari. Halindi tena, kazi hiyo imechukuliwa na mbwa kijana ambaye, nadhani, alijifunza kwake sauti za kubwekea. Yule mvulana wa jirani alimaliza sindano zake na bado huja kuufuata mpira. Daktari alimfundisha kwamba mbwa kiziwi husikia kwa miguu. Kwa hiyo sasa, kabla ya kufika kwenye lile gunia, husimama hatua tatu mbali na kupiga ardhi kwa kisigino mara mbili, akangoja Simba ainue kichwa. Amewafundisha na wenzake. Jioni nikiwa ndani huwasikia, mmoja baada ya mwingine, wakipiga visigino vyao chini karibu na ukuta wa jiko.